Kabla Jibu Halijawekwa Mezani

...na kalamu haina tatizo lolote, wino umejaa, asubuhi hii hii nimeandika nayo orodha ya watu wa kuwapigia simu, lakini naitikisa, naipuliza ncha, nachorachora nayo pembeni ya karatasi kama mtu aliyeuziwa kalamu mbovu, ili tarishi wa Bunge aliyeinama hapa kando ya kiti changu aamini kwamba Mheshimiwa hajakataa kusaini, Mheshimiwa anahangaika na kalamu tu... "Taratibu, Mheshimiwa," ananinong'oneza, "bado wako kwenye barabara," na kweli bado wako kwenye barabara, Waziri wa Ujenzi kasimama anasoma, Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo kiuchumi na kijamii... anaitambua sana huyu, mwaka wa sita sasa anaitambua barabara ile ile na barabara yenyewe haijamtambua yeye hata siku moja, na hapo kwa kawaida ningemgeukia Mwalimu, mbunge mwenzangu wa kiti cha jirani, nimwambie mzaha huo, na yeye angejifanya hajasikia huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, lakini leo siwezi kugeuka kushoto, shingo yangu leo inakwenda kulia tu, kwa sababu kushoto ndiko aliko yeye, amekaa wima na mkoba wake mapajani, na juu ya meza yangu ameweka peremende kama anavyoniwekea kila siku, kinyume cha kanuni, tangu nilipoingia humu nikiwa mgeni nisiyejua hata mlango wa choo uko wapi. Peremende ipo. Sijaigusa. Ingekuwa afadhali anitukane.

Karatasi yenyewe ni ndogo, nusu ukurasa, imebanwa kwa pini juu ya jibu langu, maana majibu ya maswali ya maandishi hayasomwi humu ndani, yanachapwa, na mwenye swali analetewa lake kitini kabla kipindi cha maswali hakijaisha, anatia alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili, Nimeridhika, Sijaridhika, anasaini, tarishi anazikusanya zote kwenye ile trei yake ya mbao, Katibu anaziweka mezani, biashara imekwisha... na wala usidhani kisanduku cha pili kina nguvu yoyote, ukisema hujaridhika jibu linawekwa mezani vile vile na wewe unaandikiwa barua ya kukushukuru kwa maoni yako, ninazo tatu kwenye droo, na jibu likishakaa pale mezani basi jambo hilo limejibiwa, haliulizwi tena na mtu yeyote mpaka mwaka ugeuke. Mtu yeyote. Hiyo ndiyo kanuni, nzuri tu, iliwekwa ili watu wasirudierudie maswali, nani angefikiri kwamba unaweza kuichukua kanuni nzuri kama hiyo ukamfungia mtu mlango... Naibu alifikiri. Si mimi, ni Naibu Waziri wa Elimu ndiye aliyefikiri, mimi nililetewa karatasi imeshapigwa chapa, "Ni swali dogo tu ndugu yangu, shule ni ya jimboni kwako, watu wako watafurahi kukusikia," akanishika bega pale kwenye korido mbele ya watu, nami nikasaini nimesimama, nimeegemea ukuta, wala sikuvaa miwani. Sikujua. Nani husoma kila karatasi anayopewa na wakubwa? Sikujua, na huo ndio ukweli, na kama Mwalimu akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo, Mwalimu mimi sikujua.

Haniulizi, hilo ndilo tatizo lake.

"Inaandika, Mheshimiwa?" Subiri kidogo, namwambia, na ninaanza kusoma jibu, si nina haki ya kusoma jibu langu, Serikali ina mpango kabambe wa kuboresha mabweni ya shule zote za wasichana, ikiwemo shule iliyotajwa, kwa awamu, kadiri hali itakavyoruhusu... mpango kabambe. Nilikuwa na swali, Je, Serikali ina mpango gani, nikajibiwa mpango kabambe, ni kama kumuuliza mtu hujambo akakwambia sijambo, mmeulizana nini hapo, na masikio yananiwaka kwa sababu nayasikia maneno ya Mwalimu mwenyewe, wiki tatu zilizopita, kwenye ule ukumbi mdogo wa maktaba, kalamu yake nyekundu mkononi, miaka thelathini na moja amefundisha na mpaka leo hawezi kusoma kitu bila kalamu nyekundu, hata majibu ya mawaziri huyasahihisha, anawapa alama, akaniambia sikiliza mdogo wangu, usimuulize waziri ana mpango gani, mpango kila mtu anao, hata mlevi ana mpango, muulize tarehe, muulize idadi, muulize nani alisaini, swali zuri halimwachii mtu mahali pa kujificha, na uliza kwa maandishi, ukiuliza kwa mdomo atakuchekesha, ukumbi mzima utacheka na wewe utacheka na mtakwenda nyumbani, lakini la maandishi lazima mtu akae chini alijibu, na akidanganya uongo wake unabaki na jina lake chini. Akanisogezea rasimu yake. Mistari mitatu. Ripoti ya mkaguzi wa majengo kuhusu bweni la wasichana ilifika wizarani tarehe gani. Ilipendekeza nini. Wasichana wangapi wanalala ndani ya bweni hilo mpaka leo. Basi. Maswali ambayo mtu mkweli anayajibu kabla chai haijapoa, na mtu mwongo yanamkosesha usingizi, na mimi nikasema safi kabisa Mwalimu, hili limenyooka, na akasema, nimekuonyesha kwanza kwa sababu shule ni ya jimboni kwako, sitaki uone nimeruka ua wako.

Sitaki uone nimeruka ua wako... mama huyu. Maana angeweza kuruka tu, wazazi walimfuata yeye baada ya kunifuata mimi, walikuja ofisini kwangu wanne, mmoja baba mzima anashika kofia yake kwa mikono miwili kama aliyekuja kuomba radhi, wakaniambia ufa umetoka dirishani umefika sakafuni, mkaguzi alikuja akapima akasema watoto wahamishwe, akaandika ripoti, ripoti imekwenda juu na juu pamenyamaza, nikawaambia andikeni barua, wakaandika, nikawaambia nileteeni nakala ya ripoti, wakasema mkuu wa shule anaogopa kuitoa, nikasema basi mikono yangu imefungwa... haikuwa imefungwa, nilikuwa naichezea simu nayo wakati nasema. Kisha wakakumbuka kwamba Mwalimu aliwahi kufundisha shule ile zamani, wakapanda magari mawili kumfuata mpaka jimboni kwake, na yeye hakuwaambia waandike kitu, aliwawekea viti akachukua daftari. Na mimi habari za shule ile hata sikuhitaji kuandikiwa barua, nina mtu ndani, mpwa wangu yumo humo humo, mtoto wa dada yangu, kitanda cha juu, cha ukutani.

...na kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, naomba nimtoe hofu Mheshimiwa Mbunge kwamba usanifu wa kina... mvua hiyo. Inasikika juu ya paa, mbali, dari ya humu ni nene, lakini inasikika ukitulia, na ilianza jana huku na kule kwetu ilianza siku tatu zilizopita, dada kaniandikia asubuhi, nimesoma nikiwa na kikombe mkononi na sijajibu, simu iko mfukoni na maneno yote ninayo kichwani hata nisiitoe, mdogo wangu mvua huku imeanza, mpwa wako anasema karatasi mpya imedumu siku mbili tu, lakini hatuna wasiwasi tena tangu tuliposikia redioni kwamba umeuliza Bungeni, yule baba wa kofia amepita hapa nyumbani kukushukuru, anasema alikudhania vibaya. Anasema alikudhania vibaya! Nilikiweka kikombe chini. Wananishukuru. Jina langu limesomwa redioni kwenye orodha ya maswali, Mbunge ameuliza kuhusu bweni, na dada yangu, aliyenilea, aliyeniogesha, aliyenipeleka shule siku ya kwanza akanichungulia dirishani mpaka walimu wakamfukuza, anatembea mtaani kifua mbele kwa ajili ya swali nililoliweka ili swali lisiulizwe. Naona aibu.

Karatasi mpya imedumu siku mbili... hiyo ni habari ya mkaguzi, yeye ndiye aliyewafundisha, alipoondoka aliwaambia bandikeni kipande cha karatasi katikati ya ufa, huku na huku, gundi ya kutosha, andikeni tarehe, karatasi ikichanika mjue ukuta umetembea, na wasichana wakaifanya kazi yao kweli kweli, kwa karatasi za daftari, na likizo iliyopita mpwa wangu yuko nyumbani kwangu anakula huku anasimulia, mjomba, ukuta wetu mgonjwa, tumeubandika plasta, ya kwanza ilikaa miezi miwili, ya pili mwezi, sasa tunabadilisha kama bandeji ya kidonda, tumempa na jina, tunamwita Bibi, usiku tunamwambia Bibi lala salama usitembee, na mke wangu akashika mdomo, na mimi nikacheka. Nilicheka sana. Mtoto anajua kusimulia, amechukua kwa mama yake. Nikamwambia utakuwa mbunge wewe. Na tena ile hadithi niliipenda kiasi kwamba nilikwenda kuisimulia...

Hapana. Hiyo si lazima.

"Mheshimiwa, barabara inaishia," tarishi ananong'ona, mtu mzima, ana mvi kunizidi, amevaa viatu vilivyong'arishwa mpaka vinaniaibisha, kila siku anapita na trei ile na hajawahi kuniharakisha, na trei nayo imejaa, karatasi zote zimesainiwa isipokuwa yangu, nawaona wenzangu wamesaini Nimeridhika, Nimeridhika, Nimeridhika, watu wa kuridhika haraka sisi. Nyuma ya karatasi pana maandishi madogo, sijawahi kumwona mtu akiyasoma, leo nayasoma ili niendelee kuwa mtu anayesoma, mwenye swali anaweza kuliondoa kabla jibu halijawekwa mezani, kwa kusimama mahali pake na kutaja sababu, na swali lililoondolewa litahesabiwa halikuwahi kuulizwa... kwa kusimama mahali pake na kutaja sababu. Mahali pangu ni hapa. Na sababu... na la Mwalimu namba mia moja kumi na nane litarudi, ndiyo, barua aliyoandikiwa inasema limewekwa kando tu, limewekwa kando kwa kuwa swali linalofanana nalo, namba mia moja kumi na saba, limetangulia. Mia moja kumi na saba ni langu. Limetangulia kwa robo saa. Ofisi ya Maswali inafunguliwa saa mbili, na mimi, ambaye mke wangu huniamsha kwa kunivuta shuka, saa mbili kasoro kumi nilikuwa mlangoni nimechomekea shati, karani akaniuliza Mheshimiwa kuna nini leo, nikacheka, na nilipokuwa natoka kwenye ngazi nikakutana na Mwalimu anapanda taratibu, anashika ukingo kwa sababu ya goti lake, karatasi yake ndani ya bahasha ya khaki, akafurahi kuniona, akasema, leo umeniwahi.

Leo umeniwahi, na nilimsaidia kubeba mkoba. Nilimbebea mkoba mpaka mlangoni!

Basi mtu asiyejua kitu hudamka saa ngapi? Mtu aliyesaini tu bila miwani anakwenda mlangoni saa mbili kasoro kumi kufanya nini? Nilijua. Nilijua siku ile kwenye korido wala sikuhitaji miwani, nilijua kwa sababu Naibu hakuliokota swali lile njiani, alilipata kwangu... ndiyo, haya, alilipata kwangu, mezani pake, kwenye chumba cha chai, siku moja tu baada ya maktaba, meza ile ya pembeni ambayo miaka minne naipita nikiwa na kikombe changu najifanya natafuta mtu, siku ile akanivutia kiti, na nani anakaa meza ile akiwa kimya, lazima mtu uwe na la kusema, wote wana vichekesho na mimi nilikuwa na kimoja tu, nikawasimulia ukuta unaoitwa Bibi, na plasta, na Bibi lala salama, nikaigiza na sauti ya mtoto, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, na mimi kichwa kikavimba, nikaona hawajashiba, nikaongeza, nikasema lakini nyie chekeni tu, kuna swali linawajia, Mwalimu analo, anataka tarehe ripoti ilipofika wizarani. Naibu akaacha kukoroga chai. Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Akasema, tarehe? Nikasema tarehe, na idadi ya watoto. Akanimiminia chai yeye mwenyewe. Hicho tu. Watu wengine huuza kwa kitu, uenyekiti wa kamati, safari, hata shamba, mimi nilimuuza mama wa watu na mtoto wa dada yangu kwa kiti cha kuvutiwa na chai ya kumiminiwa, na kesho yake bega langu likashikwa kwenye korido nikajiona mtu, wala hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna aliyeniuliza, mdomo wangu mwenyewe.

Na Mwalimu anajua. Ndiyo maana haniulizi. Rasimu aliionyesha mtu mmoja tu duniani, hana haja ya mpelelezi, alijua tangu siku alipopokea ile barua, na siku iliyofuata akaja akakaa hapa hapa kwenye kiti chake, akafungua mkoba, akaniwekea peremende. Nilidhani hajajua. Kisha nikadhani amesamehe, nikajipa moyo, watu wazima hawana kinyongo. Leo ndipo naona, siangalii lakini naona, alivyokaa, mkoba mapajani, macho mbele, hasogei... amekaa kama mwalimu anayejua nani kavunja, amefunga mlango wa darasa, amekaa mbele kimya, hamtaji mtu, anasubiri mwenye kosa ainue mkono mwenyewe. Wiki mbili na nusu anasubiri. Angeweza kusimama akanianika humu ndani, ana ulimi wa kunimaliza kwa sentensi moja, na angepoteza swali lakini angenipata mimi, na hakutaka kunipata mimi, anataka wasichana watoke kwenye lile bweni, na anayeweza kuwatoa leo si yeye. Ni mwenye namba mia moja kumi na saba, mpaka barabara itakapokwisha.

...Mheshimiwa Spika, naomba kuwasilisha. Makofi. Spika anafunua karatasi, anasafisha koo, kuna swali la nyongeza, ndiyo, Mheshimiwa wa nyuma pale, kwa kifupi tafadhali... moja la nyongeza, basi. Kutaja sababu. Nitasema nini, nitasema swali langu lina kasoro, ni neno zuri hilo, kasoro, halimuumizi mtu, Naibu atanyanyua nyusi na atanielewa na labda hata atanisamehe, nitasema kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu... umeona, hata kaburini nitakuwa natafuta mpango kabambe. Mwalimu angepiga mstari mwekundu. Angeandika pembeni, tarehe? Nani alisaini? Sawa. Mheshimiwa Spika, naliondoa swali langu, kwa sababu kabla ya kuliweka nilionyeshwa swali la mwenzangu aliyeketi kushoto kwangu, nikalipeleka kwa Naibu Waziri kwenye chai, nikapewa hili la kulizuia lile, tarehe ninayo, na nililisaini mimi. Hayo tu, mistari mitatu, yanasemeka kwa pumzi moja. Na redio itayasema. Na dada atasikia akiwa jikoni, na yule baba atajua kwamba hakunidhania vibaya, alinidhania sawasawa mara ya kwanza, ataishika kofia yake au ataivaa, sijui, na mpwa wangu siku moja ataniuliza mjomba uliigiza sauti yangu? Na nitamwambia ndiyo. Kule kwetu inanyesha, watoto wako darasani saa hizi, ni asubuhi, bweni ni tupu, vitanda vimetandikwa, karatasi ya leo imebandikwa tarehe ya leo na hakuna anayeitazama.

"Mheshimiwa." Tarishi bado ameinama pale pale, karatasi bado iko mbele yangu, visanduku vyote viwili vitupu, na amechomoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, ya bei rahisi, kifuniko kimetafunwa, ananinyooshea kwa heshima zote. "Chukua yangu, Mheshimiwa, hiyo yako naona haiandiki."

"Inaandika," namwambia. "Inaandika vizuri kabisa, mzee wangu. Nilikuwa nakudanganya." Na mkono wa kushoto, upande ule ule nisioweza kuutazama, unapapasa mezani, unaipita peremende, unatafuta kitufe cha kipaza sauti.